Kamera ya Mwaka Ujao

Kuna swali moja ambalo limenisumbua kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani kwamba swali dogo laweza kumsumbua mtu mzima. Swali lenyewe ni hili: je, mtu aliye na chombo kinachotosha kutenda jambo jema ana haki ya kuliahirisha jambo hilo kwa sababu amesikia kwamba chombo bora zaidi kinakuja? Likiulizwa hivyo, najua kwamba wengi wenu mnaosoma insha hii mtajibu upesi kwamba hana haki. Mimi pia ningalijibu vivyo hivyo. Kwa hiyo sitaanza na jibu. Nitaanza na safari, kwa maana swali hili nililipata njiani, wala si vitabuni.

Nilizaliwa katika kilima kimoja cha Nyamira ambako michai hufika karibu na milango ya nyumba, nami nafundisha upande wa Kisii, si mbali na Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili. Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, rafiki yangu mmoja aliyekuwa akiiacha kazi ya kupiga picha aliniuzia kamera yake kuukuu kwa bei ya huruma. Tangu siku hiyo nimekuwa na kazi mbili. Siku za juma mimi ni mwalimu, na Jumamosi mimi ni mpiga picha wa harusi, wa mazishi, na wa sherehe za Desemba wakati vijana wetu wanapotoka jandoni. Kazi hii ya pili haikunitajirisha, lakini imelipa karo ya ndugu yangu mdogo kwa miaka minne, nami siidharau.

Kamera yenyewe ni mzee. Mpira wa mshikio wake umebanduka mara mbili, na mara mbili nimeurudisha kwa gundi ya fundi viatu. Mchana, chini ya anga, picha zake hazina kasoro ambayo mteja aweza kuiona. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo hushindwa, na vivuli hujaa chenga kama mchanga uliomwagwa juu ya karatasi. Nasema haya mapema ili msije mkadhani kwamba nilikuwa natamani kitu kipya bila sababu yoyote. Sababu nilikuwa nayo. Jambo la kupimwa ni kiasi chake.

Likizo moja ya Aprili nilisikia kwamba katika ukumbi wa hoteli moja mjini Nairobi kungekuwa na maonyesho ya wafanyabiashara wa vyombo vya kupigia picha, na kwamba kiingilio ni bure. Nilipanda gari Kisii kabla ya mapambazuko. Tukapita Keroka, Sotik, Bomet na Narok, tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, na saa nane za mchana nilikuwa mlangoni mwa ukumbi, shati limekunjamana na kamera yangu begani.

Ukumbi ulijaa vibanda, na kila kibanda kilikuwa na taa zake, meza yake, na kijana aliyevaa fulana yenye jina la kampuni. Kamera zilifungwa mezani kwa minyororo myembamba, kama mbuzi aliyefungwa kamba asije akala mahindi ya jirani. Watu walizishika, wakazigeuza, wakazielekeza kwa wenzao, wakacheka. Nami nilizishika. Mtu asiyepata kushika chombo kilichotengenezwa vizuri hawezi kujua furaha ile. Kitufe hushuka chini ya kidole bila ubishi, na lenzi huzunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Yafaa niwaeleze mabadiliko tuliyokuwa tukionyeshwa. Kamera ya aina yangu ina kioo kidogo ndani yake, nyuma ya lenzi. Kioo hicho huurusha mwanga juu, ukafika kwenye jicho la mpiga picha. Anapobonyeza kitufe, kioo hujiinua kwa mlio na kuuacha mwanga upite hadi mahali pa kuipokea picha. Kamera mpya hazina kioo. Mwanga huingia moja kwa moja, na mpiga picha hutazama kiwambo kidogo kinachomwonyesha picha hata kabla hajaipiga. Sony walitangulia mwaka 2013 kuuza kamera za namna hiyo zenye kipokezi kikubwa cha mwanga, na Nikon na Canon wakawafuata mwaka 2018. Zipo zinazolitafuta jicho la mtu zenyewe na kulifuata aendako. Mwezi wa Novemba 2023 Sony walitangaza moja iwezayo kupiga picha 120 kwa sekunde moja, na bei yake huko Marekani ilikuwa karibu dola 6,000, ambazo ni mshahara wangu wa mwaka mzima na zaidi. Katika harusi moja mimi hupiga picha kama 300. Kamera hiyo ingeimaliza harusi yangu yote kwa muda ambao bibi harusi anapiga chafya.

Nilimwuliza kijana wa kibanda kimoja ni ipi kati ya hizo ingenifaa mimi, mtu wa mazishi na harusi. Alinitazama, akaitazama kamera yangu, kisha akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya siri, "Mwalimu, kama wewe si mtu wa haraka, usinunue hata moja katika hizi. Mwaka ujao inakuja nyingine. Hiyo ndiyo yako."

Maneno hayo yalinifurahisha kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Baadaye sana ndipo nilipojiuliza kwa nini muuzaji amwambie mnunuzi asinunue, na kwa nini mnunuzi ashukuru.

Maonyesho ya namna hii hayakuanzia kwetu. Yaliyokuwa makubwa kuliko yote yalianza mwaka 1950 katika mji wa Köln, Ujerumani, mji ambao miaka mitano tu kabla yake ulikuwa vifusi vya vita. Yaliitwa Photokina. Kwa miaka mingi watengenezaji wa kamera waliyangoja ili wazionyeshe kazi zao mpya, na wapiga picha wa dunia walisafiri kwenda kuzitazama. Mara ya mwisho yalifanyika mwaka 2018. Yale ya 2020 yalizuiwa na maradhi ya korona, na mwezi wa Novemba mwaka huo wenye nayo wakatangaza kwamba yamesimamishwa. Wajapani wana yao, CP+, ambayo yalianza mwaka 2010 na hufanyika Yokohama. Katika mahali kama hapo vitu vingine havijafika dukani bado. Watu huenda kujua watakachokitamani.

Nilirudi Kisii usiku, na hapo ndipo jambo la ajabu liliponitokea. Niliitoa kamera yangu mkobani, nikaiweka mezani chini ya taa, nikaiona mbaya. Asubuhi ilikuwa kamera nzuri. Haikuanguka njiani, haikunyeshewa, haikupoteza hata msumari mmoja. Uzito wake ulikuwa ule ule, na picha ambazo ingepiga kesho zingekuwa sawa na zile ilizopiga jana. Hata hivyo thamani yake machoni pangu ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu kwa siku moja. Kama kamera haikubadilika, ni nini basi kilichobadilika? Niliondoka nyumbani mtu mwenye kamera, nikarudi mtu asiye na kamera ya mwaka ujao. Umaskini huo sikuletewa na mwizi wala na ukame. Niliufuata mwenyewe kwa nauli yangu, kwenda na kurudi.

Nilimsimulia hayo mwalimu mwenzangu wa fizikia, mtu wa maneno machache na chai nyingi, nikitumaini kwamba ataniunga mkono. Hakuniunga. Alisema kwamba mtu akiridhika na alicho nacho, dunia husimama. Akanikumbusha mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, ambaye mwaka 1975 aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo nne, picha yake ilikuwa ya nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika kaseti. Mtu mwenye kuridhika angesema kwamba filamu inatosha. Kodak wenyewe walikawia mno kuifuata njia hiyo iliyofunguliwa nyumbani mwao, na Januari 2012 walikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. "Hao nao waliridhika," akasema mwenzangu, akajimiminia kikombe kingine.

Kisha akaniambia jambo zito zaidi, ambalo kila mwanafunzi wa Afrika yampasa alijue. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, picha za rangi zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa. Uso mweusi ukikaa kando ya uso mweupe katika picha moja, aghalabu mweusi ulipotea ukabaki macho na meno. Watu waliopata kufanya kazi Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosaidia kuibadilisha filamu yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliokuwa hawaoni tofauti ya rangi za bidhaa zao katika picha. Filamu ikarekebishwa, na nyuso zetu zikafaidika. "Sasa niambie," akasema, "bibi zako walipaswa kuridhika na filamu ile?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina la kumpinga. Chombo hutoka mikononi mwa watu, nacho hubeba hukumu za hao waliokitengeneza. Kukitaka kilicho bora mara nyingine ni kudai haki. Nilikumbuka hata kwamba kule Nairobi picha nyingi za kuonyesha uwezo wa kamera zilikuwa za wasichana weupe waliosimama katika theluji, nami sikumwuliza yule kijana jinsi kamera yake inavyouona uso wa mzee wa Kigusii aliyekaa kivulini mwa mgomba. Swali hilo moja lingekuwa na maana kuliko yote niliyomwuliza.

Nilimkumbuka pia Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliwafanya watu wa nchi za mbali waache chakula mezani. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa uliukata mkono wake. Alifungiwa mkono wa bandia, kamera yake ikarekebishwa ili aweze kuitumia, akarudi kazini hadi alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Yule alihitaji kamera mpya kweli. Haja yake ilionekana kwa macho: kazi ilikuwa mbele yake, na mkono haukuwapo.

Basi tamaa ya chombo bora si dhambi yenyewe, wala sikuandika insha hii ili niwakataze ninyi vijana kutazama madirisha ya maduka. Mchonga mawe wa Tabaka haanzi kulichonga jiwe kwa kisu butu. Kwanza hukaa akakinoa, na hakuna mwenye akili atakayemwita mvivu. Lakini tuseme kuna mchonga mawe mwingine ambaye kisu chake ni kikali, na jiwe liko miguuni pake, na mtu aliyemwomba kazi amekaa kando akingoja. Yeye anasimama, anakwenda mjini Kisii kusikiliza habari za visu vitakavyoletwa mwaka ujao, anarudi, na anamwambia mwombaji, "Ngoja." Huyo tumwite nani?

Najua jina lake, kwa sababu ni mimi.

Ng'ambo ya bonde, mkabala na nyumba ya wazazi wangu, aliishi bibi mmoja mjane. Hakuwa wa ukoo wetu, lakini sote tulimwita Magokoro, kama tunavyowaita bibi zetu kwa lugha yetu. Aliuchuma mchai wake mwenyewe hadi mgongo ulipokataa. Siku moja, kabla ya safari yangu ya Nairobi, alinikuta njiani na kamera begani, akanisimamisha.

"Mwalimu," akasema, "wewe unawapiga picha watu wa harusi za mbali. Mimi picha yangu ni ile ya kitambulisho tu, na siku ile niliamriwa nisicheke. Wajukuu wangu wataniona nimekasirika mpaka kiama."

Alitaka apigwe picha mbele ya nyumba yake, amezungukwa na wajukuu, akicheka. Hakusema neno juu ya malipo, nami nilijua kwamba hana.

"Magokoro, ningoje kidogo," nikamwambia. "Natafuta kamera nzuri zaidi. Nikiipata, nitakupiga picha ambayo hata nywele zako zitahesabika."

"Nywele zangu nimekwisha kuzihesabu," akajibu. "Zimebaki chache."

Tukacheka, nikaenda zangu. Niliporudi kutoka Nairobi alinikumbusha. Nikamweleza kwa bidii, kama niwaelezavyo ninyi sasa, habari za kamera zisizo na kioo, na za ile ya mwaka ujao iliyo bora kuliko zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo uliyo nayo imekufa?" akauliza.

"Haijafa, Magokoro."

"Basi inaumwa?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba aliingia ndani akatoka na kichane cha ndizi mbivu akanipa, na kwamba nilizila njiani. Mara ya tatu tulipokutana tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua na za bei ya chai, wala hakutaja picha tena. Nikafurahi kwamba amesahau. Wazee hawasahau mambo ya namna ile, lakini hunyamaza ili wasimwaibishe mtoto wa watu.

Alifariki mwezi wa Septemba. Kama ilivyo desturi yetu, alizikwa nyumbani kwake, kando ya nyumba. Wanawe walio kazini mijini walikuja, na kwa kuwa hapakuwa na picha nyingine, walikipeleka kitambulisho chake studio, ile picha ndogo ikakuzwa mpaka ikawa na ukubwa wa sinia. Iliwekwa juu ya jeneza. Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopasukapasuka kuwa nukta, na uso uliokuwamo ulikuwa mkali kama wa askari wa zamu. Mjukuu wake mdogo, mtoto wa miaka minne hivi, aliitazama sana, kisha akamvuta mama yake nguo na kuuliza huyo ni nani.

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuyasikia maneno hayo, kwa sababu nilikuwa kazini. Mwana wake wa kwanza alikuwa amenipigia simu siku tatu kabla, akaniomba nije nipige picha za mazishi, akataja malipo mema. Nilikuja. Nilimpiga picha mchungaji, nikayapiga picha mashada ya maua, nikaipiga picha ya kitambulisho ikiwa juu ya jeneza. Nilizipiga zote kwa kamera yangu kuukuu, nao walipozipokea walinisifu kwamba ni safi. Ile ya mwaka ujao ilikuwa haijafika.

Usiku ule nilifungua daftari ninaloandika kazi zangu za Jumamosi. Nilihesabu tangu siku Magokoro aliponisimamisha njiani hadi siku ya mazishi yake. Zilikuwamo harusi, zilikuwamo sherehe za jando, zilikuwamo hafla za shule na za kanisa. Kurasa zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Katika kurasa hizo zote hapana hata mahali pamoja ambapo nilimwambia mwenye fedha angoje kamera mpya. Kwao kamera yangu ilitosha. Ilitosha hata ndani ya kanisa lenye giza, ambako najua kwamba haitoshi. Mtu mmoja tu ndiye niliyemwona kuwa anastahili kungoja kilicho bora, naye ndiye ambaye hakuwa na cha kunilipa.

Nawaomba mnifuate hapa kwa uangalifu, kwa maana ndipo penye kiini cha jambo. Nilipokuwa nikimwahirisha Magokoro sikujiona mchoyo. Nilijiona mtu mwenye kumheshimu. Nilijiambia kwamba bibi kama yule hafai kupewa kazi ya hivi hivi, na kwamba nangoja kwa ajili yake. Huenda palikuwa na chembe ya ukweli. Sitaki kujichafua kuliko inavyostahili. Lakini heshima ile ilikuwa na dalili moja ya kushangaza: ilinipumzisha. Kumpenda mtu kwa kweli aghalabu hutuongezea kazi, ilhali mimi mapenzi yangu yaliniondolea kazi ya kuvuka bonde. Uvivu ukija bila nguo tunaufukuza mlangoni. Wangu ulikuja umevaa joho la kutafuta ubora, nikaukaribisha, nikaupa kiti.

Na ile safari ya Nairobi, je? Naweza kuwalaumu wenye maonyesho kwamba walinitia tamaa. Lawama hiyo ingekuwa rahisi, tena isingekuwa ya haki. Kijana yule aliniuzia kile nilichokwenda kukitafuta, yaani sababu. Kabla ya safari nilikuwa na udhuru dhaifu, wa kusema kwamba natafuta kitu kizuri zaidi. Baada ya safari nilikuwa na udhuru wenye majina na tarakimu. Elimu niliyoipata ukumbini ilikuwa ya kweli, na bado naikumbuka vizuri, kama mlivyoona hapo juu. Ubaya haukuwa katika kuijua. Nimeona jambo kama hili katika mambo makubwa kuliko picha: mtu huahirisha kumfundisha ndugu yake kusoma mpaka apate kitabu kinachofaa, au huahirisha kumwomba mwenzake msamaha mpaka yapatikane maneno yaliyo sawasawa. Nao watu hao si wabaya. Wengi wao, ukikaa nao, utawapenda.

Mwenzangu wa fizikia aliponisikiliza safari hii hakubishana. Aliuliza tu kama zile fedha za mazishi nilizipokea. Nikamwambia kwamba nilizipokea, na kwamba nilizilipia karo. Akatikisa kichwa, nami sijui kama alikuwa akinihukumu au akihesabu mahitaji ya ndugu yangu.

Sikuzirudisha. Nilifikiri kuwaendea wanawe na kuwaambia yote, nikaona kwamba ningewaongezea huzuni ili mimi nipunguze yangu. Yule mwana wa kwanza mpaka leo hunisimamisha mjini Nyamira na kunishukuru kwa zile picha. Kila anaponishukuru mimi husema, "Si kitu, ndugu yangu," na hayo ndiyo maneno ya kweli kuliko yote ninayopata kumwambia, ingawa yeye huyachukua kuwa ni adabu.

Muhula uliopita nilikisimulia kisa hiki katika kidato cha tatu, tulipokuwa tukijifunza kuandika insha za mawazo. Kamera nilikuwa nayo mezani, ile ile, na gundi yake ya fundi viatu. Wavulana wa mbele walitaka kujua zaidi habari za ile ipigayo picha 120 kwa sekunde, nikawaambia. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akanyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "kama ile kamera ya mwaka ujao ingefika mapema, ungekwenda kwa Magokoro kweli?"

Darasa zima likanyamaza. Nilimwambia kwamba sijui, kisha nikamwomba alirudie swali lake kwa sauti kubwa zaidi, ili na wale walioketi nyuma walisikie.